Mlima Niliompandisha Lenah

Lenah haogopi watu. Anaogopa ngazi. Ukimwomba akutolee kitambaa kilicho kwenye rafu ya juu pale kibandani kwake, atakwambia hicho kimechuja, chagua kingine. Siku fundi alipokuja kuziba paa la nyumba yao huko Majimbo, Lenah alimshikia ngazi huku amefumba macho, utadhani yeye ndiye aliyekuwa juu ya mabati. Ni mshonaji wa sare za shule mjini Embu, mke wa Ndwiga, mama ya Ann. Kwangu mimi ni mjukuu, mtoto wa binti yangu Kagwiria, Mungu amweke pema. Nilimlea mwenyewe kwangu Muthara, huko Tigania, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Sasa huyo huyo Lenah ndiye ambaye kwa miaka ishirini na mitatu Embu nzima ilijua alipanda Mlima Kenya akiwa msichana, na gunia la viazi mgongoni. Ukisikia jambo kama hilo ujue kuna mtu alilisema. Ni mimi.

Usinihukumu kabla sijamaliza. Siku ile wakwe walipokuja kwangu Muthara kuzungumza mahari, walikuja wengi na walikuja na maneno. Mbele kabisa aliketi mama yake Ndwiga, Ciakuthii, mwanamke mwembamba aliyenyooka kama mpini, amekunja mikono, hataki kuegemea kiti changu. Alikunywa uji nusu kikombe, akakiweka chini, akasema, "Sisi tunasikia wasichana wa Tigania kazi yao ni kufunga miraa kwa majani ya ndizi wakiwa wameketi. Huyu wenu anajua kubeba kitu?"

Wanawake wa kwetu wote wakanigeukia. Mimi ndiye nilikuwa mdomo wa boma. Nikaangalia pembeni nipate la kusema, na huko pembeni mlango ulikuwa wazi, na mlangoni Kirimara ulikuwa umesimama. Hivyo ndivyo sisi Wameru tunavyouita ule mlima. Siku hiyo haukuwa na wingu hata moja, weupe wa juu ulikuwa unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Mdomo ukanitangulia.

"Huyu?" nikasema. "Huyu akiwa na miaka kumi na sita aliwabebea Wazungu viazi mpaka kwenye barafu. Akashuka, akatupikia chakula cha jioni."

Lenah alikuwa anaingia na birika wakati huo huo. Na wewe unajua desturi. Siku hiyo msichana hafungui kinywa mbele ya wakwe. Anamimina chai, anaangalia chini. Hata ungesema ana mkia, angeangalia chini. Basi akaangalia chini, ila masikio niliyaona yakiwa mekundu. Ciakuthii akamtazama muda mrefu, kisha kwa mara ya kwanza akaegemea kiti. "Na hajisifu," akasema. "Ana heshima."

Nilidhani itaishia hapo. Kila bibi humsifu msichana wake siku hiyo, na kila upande humsifu mvulana wao. Sisi tuliambiwa Ndwiga huamka kabla ya jogoo. Nimelala kwenye nyumba yao mara nyingi. Ndwiga huamka jua likimchoma jicho. Sikuwahi kumuuliza mtu.

Lakini Ciakuthii si mtu wa kuacha kitu kianguke. Aliuchukua ule mlima akaenda nao sokoni Kianjokoma, akaenda nao kanisani, akaenda nao kwenye vikao vya wanawake. Mke wa mwanangu hivi, mke wa mwanangu vile. Na kila Krismasi nilipokwenda Embu kuwasalimia, walinipa kile kiti chenye mto, wakanizunguka, wakasema, "Cucu, tuambie tena." Cucu ni bibi, kwetu na kwao. Wewe ungekataa? Nami nikawa naongeza kidogo. Nikasema huko juu kuna kabeji ndefu kuliko mwanamume, na jioni zinajifunga kama watu wanavyofunga milango. Nikasema kuna mnyama kama panya mnono, hana mkia, anakuja kwenye hema kuomba chapati. Nikasema maharagwe ya huko ni makaidi, unachemsha kutoka asubuhi mpaka jioni na bado yanagonga meno. Nikasema kichwa kikikuuma usisimame, ukimbie kwenda juu, kwa sababu maumivu ni mazito, hayawezi kupanda, utayaacha nyuma yakihema. Hilo la mwisho nililipenda sana. Nililicheka peke yangu nikirudi Muthara.

Lenah yeye hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba wiki ya kwanza ya ndoa alijaribu kulitoa. Alimwambia Ndwiga, "Ile habari ya mlima aliyosema Cucu..." na Ndwiga akamkata, "Ashukuriwe huyo Cucu! Mama alikuwa amekuja kwenu kutafuta sababu ya kukukataa. Ni ule mlima ulimfunga mdomo." Hebu niambie, baada ya hapo mtu anaendelea vipi? Akameza. Tangu siku hiyo mazungumzo ya mlima yakianza, Lenah husema kuna chungu kinaungua, anaingia jikoni. Katika nyumba ile chungu kiliungua sana.

Haya. Ikafika mwaka huu. Kikundi cha akina mama wa kanisa lao kilikuwa kinatimiza miaka kumi, na mwenyekiti wao Nelius, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya gwaride, akasema mwaka huu hawaendi kula nyama kwenye bustani ya hoteli kama watu waliochoka. Mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imekatika, watapanda Mlima Kenya. "Na hatutafuti mtu wa kutupangia," akasema. "Tuna Lenah wetu."

Wakapiga makofi. Lenah naye akapiga. Aliniambia hakujua mikono yake inafanya nini.

Jioni akanipigia simu. Hakunisalimia. "Cucu, njoo uuchukue mlima wako."

Nilipofika Majimbo niliikuta nyumba haina kichwa wala miguu. Simu ya Lenah ilikuwa inalia kama kifaranga. Mmoja anauliza wavae viatu vya raba au gambuti, yale mabuti ya matope. Mwingine anauliza kama kuna choo. Mwingine anataka kujua kama atabeba mwavuli. Na Lenah, kwa kuwa hakutaka kusema hajui, alimjibu kila mtu kitu. Wa kwanza alimwambia raba. Wa pili gambuti. Wa tatu alipouliza mbona wenzake wanabishana, alimwambia abebe vyote viwili, mlima una pande mbili. Nelius alimwambia safari ni siku mbili. Ann, binti yake mwenyewe, alimwambia ni siku tano. Wote walikuwa kwenye grupu moja ya wasap, wakasomeana majibu, na badala ya kushuku wakaanza kufafanua. Mmoja akaandika kwamba siku mbili ni za kupanda na tano ni za kushuka, kwa sababu ya uchovu.

Na njia je? Wengine walisema wataingilia upande wa Embu, kwa njia ya Kamweti, kwa sababu mlima ni wetu na mtu haingii kwake kwa mlango wa jirani. Wengine wakasema Chogoria, barabara ya kwenda Meru. Shemeji ya mmoja alisikia Sirimon ndiyo rahisi, Naro Moru ndiyo fupi. Wakamuuliza Lenah yeye alipitia gani. Akasema, "Ile ya zamani." Wakaelewa! Wakaanza kuulizana ile ya zamani iliharibiwa na nini. Kufikia Ijumaa kulikuwa na safari saba za mlima mmoja, na kila safari ilikuwa na watu wake.

Usidhani mimi nilikuwa na nafuu. Ann alikuja akaketi karibu yangu na daftari. Ann ana miaka ishirini, anasoma chuo, ni mtoto wa kuandika kila kitu tangu akiwa mdogo. "Cucu," akasema, "kuna kitu hakilingani. Mwaka wa elfu mbili kumi na mbili ulisema ziwa liko kabla ya zile kabeji. Kumi na tano ukasema liko baada."

Sikuketi darasani hata siku moja, lakini najua mtu akiwa na maandishi yuko na silaha. "Lilihama," nikamwambia.

Akaandika.

Nilimfuata Lenah jikoni. Alikuwa anamenya viazi, na maganda yalikuwa manene kuliko viazi vyenyewe.

"Sema unaumwa mguu," nikamwambia.

"Mguu gani, Cucu? Wananiona nikikanyaga cherehani kutwa nzima."

"Basi sema umeota ndoto mbaya."

"Nelius ataitisha maombi ya kuvunja ndoto."

"Basi sema ukweli."

Akainua kisu, akaniangalia. "Wewe ndiye unaniambia hivyo? Wewe?"

Akaendelea kumenya, akiongea na kiazi. "Mama yake Ndwiga alinipokea kwa sababu ya hilo. Nilipopoteza mimba ya pili, watu wakaanza kusema, unajua alisema nini? Alisema, mwacheni, huyo alibeba gunia mpaka kwenye barafu, hatashindwa na hili. Alikuja akaniogesha mwenyewe. Sasa niende nimwambie alikuwa anamwogesha mtu mwingine?" Kiazi kikamponyoka, kikaingia chini ya meza. Hakukiinamia. "Na nisipomwambia, nitaongoza wanawake kumi na mmoja kwenda mahali nisipopajua, na mtoto wangu akiwa ndani. Mimi sijui niko wapi, Cucu. Niko nyumbani kwangu na nimepotea."

Ndipo nikaona kile nilichokifanya. Sikuwa nimekiona hata siku moja. Nikamwambia, "Nilianza mimi. Nitamaliza mimi. Kesho."

Kesho yake, Jumamosi saa nane, akina mama wakakutana uani kwa Lenah. Ciakuthii alikuja pia. Sasa ana miaka sabini na sita, magoti yake hayapandi hata ngazi ya kanisa, lakini alikuja na sindano zake akiwa anafuma boshori nyekundu, ile kofia ya sufu ya kufunika masikio. Ya Lenah, akasema, ili hata mtu wa mwisho kwenye mstari amwone kiongozi.

Nikasimama. Nilishika fimbo kwa mikono miwili. "Akina mama," nikasema, "Lenah hajawahi kupanda mlima wowote. Nilidanganya siku ya mahari. Hakukuwa na gunia, hakukuwa na Wazungu. Msamaha."

Shingo zikanyooka kama za kuku waliosikia mwewe. Halafu Nelius akaanza kutetemeka mabega, akapasuka.

"Huyu Cucu! Leo ametuletea mpya!"

Wakacheka wote. Mmoja alimwaga chai. Ciakuthii alifuta macho kwa ile boshori. "Mama Kagwiria," akasema, "wewe utatuua kabla ya mlima."

"Nasema kweli," nikasema.

"Angalia uso wake! Angalia!"

"Hakukuwa na Wazungu!"

"Kwa hivyo viazi walikula akina nani, Cucu?" mwingine akauliza, na wakaanza upya.

Nikaketi. Sijui kama wewe umewahi kusema ukweli mara moja kwa miaka na ukachekwa. Nilichanganyikiwa kabisa. Huu mdomo umenibeba tangu nikiwa msichana, na siku moja tu niliyouomba ubebe kitu kizito, ukakiangusha mlangoni. Wakaniongezea chai na mandazi mawili, kwa kuwafurahisha. Lenah alikuwa amesimama kando ya tanki la maji, hacheki.

Kabla sijamaliza andazi la kwanza, geti likagongwa. Ni Kiogora. Ndwiga ndiye aliyemwita bila kumuuliza mtu; alikuwa amesikia kwamba huko getini haruhusiwi mtu kuingia bila kiongozi mwenye kibali. Kiogora ni wa Chogoria, mwanamume wa miaka arobaini hivi, miguu myembamba ya mbuzi wa mawe, mtu wa maneno machache. Amepanda huko mara ambazo haziwezi kuhesabika, kwanza akiwa pota wa kubeba mizigo, sasa akiwa kiongozi. Akapewa kiti, akapewa kikombe.

"Nimesikia kuna mama hapa anaujua mlima," akasema. "Basi niambieni mnayoyajua, nisirudie."

Ann akafungua daftari. Nilijua mgeni huyu sasa ndiye atakayenivua nguo.

"Kuna kabeji ndefu kuliko mtu," Ann akasoma.

Kiogora akanywa chai. "Ndiyo. Ziko nyingi."

Nikashika kiti.

"Jioni zinajifunga kama milango."

"Kweli. Baridi ikianza, majani yanajikunja ndani, yanafunika moyo wake. Asubuhi yanafunguka."

Nikamtazama vizuri. Nilitaka kuona kama ni mwenzangu, maana sisi hujuana. Uso wake ulikuwa mtupu kama sahani.

"Kuna panya mnono, hana mkia, anaomba chapati."

"Huyo ni pimbi. Wanakuja mpaka kwenye mizigo. Lakini msiwape chakula."

"Maharagwe hayaivi."

"Hata mchana kutwa. Huko juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kama mnataka githeri, mahindi na maharagwe, mpike huku chini mpande nayo."

Akina mama walikuwa wanamwangalia Lenah kama askofu. Na mimi? Mimi nilihisi uani kunazunguka. Hizo kabeji nilizipanda mwenyewe kwa huu ulimi, nikiwa nimeketi kwenye kiti chenye mto. Huyo panya nilimkata mkia mwenyewe. Ni nani aliyekwenda kuvipeleka huko? Nilianza kujiuliza kama pengine niliwahi kufika nikasahau. Nikamwinamia Lenah, ambaye alikuwa amekuja karibu, nikamnong'oneza, "Wewe kweli hukuenda?" Alinifinya paja mpaka machozi yakanitoka.

"Kichwa kikikuuma," Ann akasoma, "usisimame. Kimbia kwenda juu. Maumivu ni mazito, hayawezi kupanda, utayaacha nyuma."

Kiogora aliweka kikombe chini, polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Hilo mmelipata wapi?"

"Kwa Mama," Ann akasema. "Yaani Cucu ndiye alisema, lakini ni Mama aliyefanya."

Kiogora akamgeukia Lenah. "Mama Ann, ulipopanda ulifanya hivyo?"

Sindano za Ciakuthii zikasimama.

"Sikuulizi kwa ubaya," Kiogora akasema. "Nimewahi kumshusha mtu kwenye machela, mwanamume mwenye nguvu kuliko mimi, kwa sababu kichwa kilimuuma asubuhi akasema ni kitu kidogo, akaendelea kupanda. Huko kichwa kikiuma unasimama. Kikizidi unashuka, hata kama kilele unakiona kwa macho. Anayekaza kupanda, hewa inamwishia, maji yanaingia mapafuni, yanaingia kwenye ubongo. Anaanza kuongea ovyo, anayumba kama mlevi, na asiposhushwa anakufa. Yule hakufika hospitali. Sasa kama wewe ulikimbia juu ukapona, hawa wataniona mimi mwoga. Watakufuata wewe."

Ann alikuwa bado ameshika kalamu. "Mama," akasema, "kwa hivyo niandike gani?"

Nilimwona Lenah akigeuza macho kuelekea jikoni. Nikajua anatafuta chungu. Lakini siku hiyo hapakuwa na kitu motoni, chakula kilikuwa kimeliwa, na mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa.

"Andika ya Kiogora," akasema.

"Lakini wewe uli..."

"Mimi sijui. Sijawahi kwenda."

Nelius akaanza tena yale mabega.

"Mwalimu, nyamaza kidogo," Lenah akasema.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Nelius anyamaze. Akanyamaza.

"Sijawahi kupita hata geti. Sijui kama kuna geti. Raba, gambuti, siku mbili, siku tano, njia ya zamani, yote niliokota tu kichwani nikiwa nashona. Nikisimama juu ya stuli naona giza. Cucu alisema hivyo siku ya mahari na mimi nikanyamaza, na nimenyamaza mpaka leo. Ann, ng'oa hiyo karatasi. Mtu asikimbie na kichwa kinamuuma kwa sababu yangu."

Ann akaing'oa. Ile sauti ya karatasi kuraruka niliisikia kwenye meno.

Hakuna aliyemtazama Lenah tena. Wote walimtazama Ciakuthii. Alikuwa ameziacha sindano mapajani. Nilimwona vile vile kama siku ile Muthara, amenyooka, hajaegemea.

"Siku ile kwenu," akamwambia Lenah, "uliangalia chini kwa nini?"

"Kwa aibu, Mama."

"Si kwa heshima?"

"Heshima kidogo. Aibu nyingi."

Ciakuthii akanigeukia mimi. "Mama Kagwiria."

"Naam, Mama Ndwiga."

"Gunia?"

"Hakukuwa na gunia."

"Hata viazi?"

"Viazi vilikuwa shambani, havijachimbwa. Lakini si nilikuambia saa nane, ukacheka?"

"Wewe," akasema, "ukiniambia jua limetoka, mimi hutoka nje kwanza nikaangalie."

Hakuna aliyecheka. Ciakuthii akatazama mikono yake.

"Nimekusema Kianjokoma," akamwambia Lenah. "Nimekusema Runyenjes. Nimekusema Manyatta kwenye mazishi ya mtu, watu wakiwa wanalia."

"Najua, Mama."

"Nimekusema miaka yote hii kama mtu anayeimba. Ungeniambia."

"Niliogopa utanirudisha."

"Ningekurudisha," Ciakuthii akasema. "Mwaka wa kwanza ningekurudisha. Wa pili sijui." Akaokota sindano, akaziangalia kama hajui ni za kazi gani. "Sasa nitakurudisha wapi? Wewe ndiye unajua dawa zangu ziko kwenye kopo gani." Akafuma mshono mmoja, akaharibu, akaufumua. "Wale watu wote siwezi kuwazungukia niwaambie nilikosea. Magoti yameisha. Kwa hivyo utapanda."

"Mama?"

"Utapanda mwezi wa kwanza, nyuma ya huyu kijana, si mbele. Kichwa kikikuuma utashuka. Na ukirudi usinidanganye umefika wapi. Kama umefika getini, useme getini, na mimi nitasema getini. Mahali utakapofika patakuwa pa kweli. Mwaka tu ndio nitakuwa nimekosea."

Lenah akaketi chini pale pale, kwenye nyasi, si kwenye kiti. Nilidhani atalia. Hakulia. Alikaa kidogo akipumua kwa mdomo, kisha akamgeukia Kiogora, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Hilo geti liko wapi?"

"Juu ya mji wa Chogoria. Unapita msitu wa mianzi."

"Tutafika kwa gari?"

"Kama hakujanyesha."

"Na baridi ni ya namna gani? Kama ya hapa mwezi wa saba?"

"Ni ya kugandisha maji ndani ya chupa."

"Sasa mtu analala vipi? Akitaka kwenda haja anaenda wapi? Raba ni mbaya au ni nzuri? Hewa ikipungua utaisikia, au inaisha tu ghafla? Hao pimbi wanauma? Nyati je? Siku ngapi, hasa hasa, siku ngapi?"

Maswali yalimtoka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Ya miaka ishirini na mitatu, mengine nadhani aliyashika tangu usiku wa ndoa. Kiogora alimjibu moja moja. Viti vikasogea. Nelius naye akauliza kuhusu choo, na ikaonekana alikuwa anataka kuuliza tangu mwanzo, ila aliona aibu mbele ya mtu aliyefika kwenye barafu. Wote walikuwa hivyo. Kumbe kila mmoja alikuwa amepotea peke yake, akifikiri wengine wanaiona njia.

Mtu mmoja akataja ziwa, nikafungua kinywa nimsaidie. Wanawake wanne wakasema kwa pamoja, "Cucu, ngoja kidogo."

Nikangoja. Chai yangu ikapoa.

"Na pale mwisho," Lenah akauliza, "kwenye mawe, kabla ya kilele. Ni lazima mtu asimame? Anaweza kupanda akiwa ameketi?"

Kiogora akafikiri. "Kwa makalio? Kushuka ndiyo, wengi hushuka hivyo. Kupanda, nimeona watu wakienda kwa mikono na magoti, polepole sana."

"Wanafika?"

"Wengine hufika."

"Ann," Lenah akasema, "andika hilo. Mikono na magoti."